Alama za Mwimoni

Katika nyumba ya marehemu baba yangu, hapa Mang'ula chini ya milima ya Udzungwa, palikuwa na mlango wa mninga ambao mwimo wake wa kulia ulichorwa kwa ncha ya kisu mistari midogo midogo, mmoja juu ya mwingine, kila mstari ukiwa ni kimo cha mjukuu fulani kwa siku fulani. Na mistari hiyo, ambayo sisi wa nyumbani tuliihesabu kuwa ni mchezo wa mzee tu, ndiyo niliyokuja kuisikia ikisifiwa na daktari wa meno wa Dar es Salaam, bingwa wa kunyoosha meno na mataya ya watoto, kwa sifa ambazo sijamsikia mtu akiusifia mtambo wowote.

Nilikuwa nimempeleka kwake binti wa dada yangu, mtoto wa miaka 11, ambaye meno yake ya juu yalitokeza mbele hata midomo haikufumbika ila kwa kujilazimisha. (Si mwanya ninaousema, mwanya kwetu ni pambo, na anayetaka kuuziba ana lake.) Tulisafiri kwa treni ya TAZARA, tukafika tumechoka, na yule daktari mzee, alipokwisha kuitikia shikamoo ya mtoto kwa marahaba ndefu, hakumwambia afumbue kinywa. Alimtazama. Alimtazama anavyopumua, anavyomeza mate, na shingo yake inavyokaa juu ya mabega. Kisha akainama akatazama miguu yake.

"Viatu hivi ulinunuliwa lini, mjukuu wangu?"

"Idi iliyopita, babu."

"Vinakubana?"

"Havinibani."

Akaguna. Akaniuliza kimo cha mama yake na cha baba yake, na kwa staha kubwa akamtuma muuguzi wa kike amwulize mtoto faraghani kama amekwisha kuvunja ungo, kwani msichana aliyevunja ungo aghalabu kilele cha kurefuka kwake kimekwisha kupita, na kilele hicho hakiko mbali na ule wakati ambapo taya la chini nalo hukua kwa kasi kuliko desturi yake. Akaisoma picha ya eksirei ya shingo, akanionyesha kingo za chini za pingili, jinsi zilivyokuwa bado bapa. Mtoto akikomaa, alisema, kingo hizo hubonyea kama kijiko kilichogeuzwa. Mwisho akauliza kama nyumbani hapakuwa na mahali tulipompimia kimo. Hapo ndipo nilipoukumbuka mwimo.

Akaturudisha Mang'ula bila ya waya, bila ya dawa, bila ya chochote, na nakiri kwamba njia nzima nilinung'unika kwa nauli iliyopotea. Nilipofika nilichukua kamba ya katani, nikaisimamisha penye mwimo toka kizingiti, nikafunga fundo kila palipokuwa na mstari wa mtoto yule, na baada ya miezi 6 nikaongeza fundo la kimo kipya, nikampelekea daktari kamba ile pamoja na mtoto. Aliitandaza mezani, akaipima kwa rula, fundo hata fundo, midomo ikimchezacheza kama mtu anayesoma uradi. Mafundo ya awali yalipishana sentimita 5 kwa mwaka. Yakafuatia mawili yaliyokaribiana. Kisha lile la mwisho, la nusu mwaka tu, likawa limekimbia mbali na wenzake. Akaweka kidole hapo.

"Nyinyi wa Kilombero mnalima mpunga," akasema. "Mpunga ukishika mimba mkulima huuona kabla suke halijatoka. Basi huyu ameshika. Sasa tunaanza."

Kifaa alichomvika ni kile alichokibuni Mskoti William Clark mwaka 1977, vipande viwili vya plastiki ngumu, kimoja juu na kimoja chini, ambavyo miteremko yake inapokutana mtoto hawezi kuuma ila taya la chini lije mbele. Alikivaa miezi 10, akitokwa na udenda wiki za mwanzo na kutaniwa shuleni, na meno yakakutana. Nilipomshukuru daktari kwa kulikuza taya, alikunja uso. Sehemu ni mfupa, alinijibu, na sehemu kubwa ni meno yenyewe kulala. Na katika huo mfupa, ni kiasi gani ungekuja wenyewe hata bila ya yeye, hilo hakuweza kuniambia.

Maneno hayo ndiyo yaliyonifanya niipende kazi hii, ambayo wengi wetu huiona ni anasa ya watoto wa mjini, ilhali Matilda Mtaya na wenzake, katika uchunguzi waliouchapisha mwaka 2009, waliwapima watoto 1,601 wa shule za Kinondoni na Temeke wakakuta asilimia 63.8 wana kasoro moja au zaidi ya mpangilio wa meno. Kasoro kuiona si kazi. Kazi ni kujua kasoro hiyo itakwenda wapi mwenyewe anapokua. Arne Björk wa Copenhagen alipandikiza vipini vidogo vya chuma katika mataya ya watoto ili apate mahali pasipohama pa kuupimia mfupa unaohama, na ikadhihiri kwamba taya la chini huzunguka pia likikua, kwa mtoto huyu kwenda mbele na juu, kwa yule kushuka nyuma, hata wawili waliofanana utotoni wakaja kuwa na nyuso mbalimbali. Mwaka 1969 aliandika dalili za kuubashiri mzunguko huo. Walakini mwaka 1984 Sheldon Baumrind na wenzake wa California walipowapa mabingwa picha za watoto wabashiri ni yupi taya lake litazunguka nyuma, mabingwa hao hawakumshinda mwenye kurusha shilingi. Fauka ya hayo, vipimo vingi vilivyosimamishwa kuwa mizani ya fani hii vilitokana na nyuso za Wazungu, na atakayeuweka juu yake uso wa mtoto wa Kindamba au wa Kipogoro bila ya kufikiri atauona una maradhi, kumbe ni uso wa bibi yake, aliyeposwa kwa uzuri huo huo.

Yule mzee aliyajua yote hayo, na ndiyo maana aliuliza viatu.

Sasa amestaafu. Mdogo wake binti yule alipofika miaka 13 na meno yale yale ya ukoo, nilimpeleka kwenye chumba kimoja cha meno mjini, ambako kijana mstahiki aliyevaa glavu za buluu alimpiga picha, akabonyeza mara mbili, na kabla chai niliyopewa haijapoa akatuonyesha kwenye kompyuta uso wa mtoto wetu wa miaka miwili ijayo, unacheka. Nikamwuliza kama hakihitaji kimo chake. "Programu inajua, mzee," akanijibu kwa adabu.

Lakini nami ningempa nini, lau angetaka? Mlango wa mninga niliung'oa mwenyewe mwaka ule majirani walipoweka ya chuma, na mwimo wake tuliukata kuni, ukapikia ubwabwa wa arusi, nao ukawaka vizuri kwa kuwa ulikuwa mkavu. Tuliporudi jioni ile mtoto alisimama kwa mazoea, mgongo kwenye fremu ya chuma na visigino pamoja, akingoja. Nikatafuta kisu, nikakumbuka. Nikaokota mkaa jikoni, nikampigia mstari juu ya utosi. Usiku mvua ikashuka kutoka Udzungwa, ya kupiga mlangoni, na asubuhi chuma kilikuwa safi.