Mizani ya Sayyida Salme

Wengi wetu tunamjua Sayyida Salme binti Said kwa Kumbukumbu zake, zilizotoka Berlin mwaka 1886, ambamo Unguja inaelezwa kwa Wajerumani. Katika Barua zake, zilizochapishwa mwaka 1993, miaka mingi baada ya kufariki kwake mwaka 1924, mambo yamepinduka: Hamburg ndiyo inayoelezwa, na anayeelezwa ni rafiki wa Unguja asiyetajwa jina. Kwa maoni yangu, kifasihi Barua ndizo zilizo bora.

Salme aliingia Hamburg mwaka 1867, mke wa mfanyabiashara Heinrich Ruete, naye hakijui Kijerumani. Mgeni asiyejua lugha hutazama zaidi kuliko anavyosikiliza. Ndiyo maana anayoyaandika ni mambo ya kila siku: baridi, chakula, watumishi, milango. Milango hasa ndiyo iliyomuudhi. Aliyezaliwa katika jumba la Mtoni, lililojaa watu na sauti, nyumba ambayo kila chumba kimefungwa aliiona kuwa kifungo. Kisha akapelekwa kwenye dansi, na huko akawakuta mabibi wa heshima mabega na vifua wazi. Ukiziweka taswira hizo mbili pamoja, utaona kuwa mji unaofunga milango ndio unaoacha miili wazi, na kwao Salme ilikuwa kinyume chake. Stara, tuliyodhani ni yetu peke yetu, kumbe kila mji una yake. Lililo tofauti ni kile kinachositiriwa.

Mwaka 1870 Heinrich alifariki kwa ajali ya tramu ya farasi, akamwachia mjane watoto watatu wadogo. Tangu hapo mtazamaji si mgeni tena wa kustaajabia mji. Ni mama anayehesabu fedha. Yaliyokuwa maajabu yamegeuka kuwa mashaka, na nathari yake inapata uzito ambao safari za kawaida hazina.

Hata hivyo, mizani hii ina kasoro. Katika Kumbukumbu, Salme aliutetea utumwa wa kwao, na lawama akawarudishia Wazungu. Jicho lililouona upweke wa nyumba ya Hamburg halikuwaona sawasawa waliokuwa wakiifungua na kuifunga milango ya Mtoni. Kasoro hiyo haiondoi thamani ya Barua, bali inatufunza namna ya kuzisoma: tumwamini zaidi anapotazama asipopazoea, na tumdadisi zaidi anapotetea alikozaliwa.

Barua hizo ziliandikwa kwa Kijerumani, lugha ambayo bibi wa Unguja wa zama zile hakutarajiwa kuisoma. Msomaji wake wa kweli ni wa leo, na ni huku kwetu. Tafsiri ya Kiswahili inayostahiki ni ile itakayoambatana na utangulizi unaowataja watumwa wa Mtoni, ili Hamburg na Unguja zipimwe kwa jiwe moja.