Namna Heinz Alivyowapandisha Watu Roshani

Katika mwaka 1893, mji wa Chicago ulipofanya maonyesho makubwa ya kuadhimisha miaka mia nne tangu Columbus kufika bara la Amerika, maonyesho yaliyofunguliwa Mei 1 yakadumu hata mwisho wa Oktoba, na ambayo malango yake yalihesabu maingilio yapata milioni 27, alikuwako miongoni mwa wenye mabanda tajiri mmoja wa Pittsburgh, jina lake Henry John Heinz, muuza achari, siki na michuzi ya chupa, ambaye mahali alipopewa palikuwa pabaya. Bidhaa zake ziliwekwa katika Jumba la Kilimo, lakini juu, katika roshani. Na mtu aliyekwisha kutembea tangu asubuhi katika uwanja ule mpana ulio kando ya ziwa Michigan, miguu ikimuuma na macho yamekinai, hakuona sababu ya kupanda ngazi ili akatazame matango yaliyotiwa siki, ilhali ukumbi wa chini ulikuwa umesheheni vyakula vya mataifa.

Alilolitenda Heinz baada ya kuona kwamba watu hawapandi husimuliwa aghalabu kama hila ya mtu mwerevu, hadithi ya kuchangamshia baraza. Mimi naliona kuwa ni kazi ya ufundi hasa, yenye viungo vilivyofungamana, ambavyo ukiking'oa kimoja vilivyobaki havina nguvu, na ndiyo sababu nataka kulifungua na kulitazama kiungo kwa kiungo.

Alipiga chapa vikadi vidogo vyeupe, vya mfano wa cheti apewacho msafiri anapoweka mzigo wake stesheni, na juu yake yakaandikwa maneno ya kumwahidi mwenye kukileta katika banda la Heinz kwamba atapewa tunu bila ya malipo; kisha vikadi hivyo vikagawanywa na kutawanywa uwanjani, watu wakawa wanaviokota njiani mwao.

Tazama kwanza mahali. Wenye mabanda wengi, wakati ule na wakati huu, humaliza fedha zao katika kulipamba banda lenyewe, kwa vitambaa, taa na mabango, na mapambo hayo yote, hata yakiwa ya fahari namna gani, hayamwiti ila aliyekwisha kufika karibu, naye ndiye mwenye haja ndogo kabisa ya kuitwa. Mtu aliyekuwa mbali, ambaye hakujua hata kama banda lile lipo duniani, hakuguswa. Heinz aliuhamisha mlango wa banda lake akauweka chini, katika njia za uwanja, mahali ambapo watu walikuwa wakipita tayari kwa shughuli zao nyingine.

Kisha tazama sura ya kikadi. Tangazo la ukutani humwomba mtu, naye ana hiari ya kulipa kisogo. Bali cheti kilichomo mkononi humfanya ajione ni mwenye haki, kwamba mahali fulani kuna kitu chake kinachomngoja, na akikiacha amepoteza. Nafsi ya binadamu huona uchungu zaidi kupoteza kilicho chake, hata kiwe duni, kuliko kukosa kisicho chake, na maarifa haya wafanyabiashara walikuwa nayo kabla ya wanazuoni kuyaandikia vitabu.

Tunu yenyewe ilikuwa tango dogo la rangi ya kijani, lenye urefu wa inchi moja na zaidi kidogo, lililofinyangwa kwa utomvu mgumu wa miti, lina kikulabu cha kutungikia katika mkufu wa saa, na jina la Heinz limeandikwa juu yake. Halikugharimu kitu cha maana. Lakini halikupatikana chini, wala kwa fedha, na aliyelitungika kifuani alishuka nalo akatembea uwanja mzima, akiulizwa na wenziwe amelipata wapi, hata kila aliyepanda akawa mwitaji wa wengine bila ya kuajiriwa. Yasemwa kwamba yaligawanywa matango zaidi ya milioni moja, na masimulizi ya siku zile husema kwamba ilibidi roshani iongezewe nguzo ili sakafu ihimili uzito wa watu.

Hata hivyo, lau mambo yangeishia hapo, Heinz angekuwa amegawa vidude tu. Kule juu bidhaa zilikuwa tayari kuonjwa, na mtu aliyetoa jasho la ngazi hageuki mara moja akashuka. Husimama, hupumzika, huonja. Kuonja ndiko kulikokuwa biashara. Huyu ni mtu ambaye tangu alipoanza, mwaka 1869, alitia kiungo chake cha mzizi mkali uliokunwa katika chupa nyeupe zinazopitisha nuru, wakati ambapo wengine walizificha ghushi zao nyuma ya vioo vya rangi. Aliamini kwamba mali safi yataka kuonekana tu, na huko Chicago alilipia watu waje waone.

Je, njia hii yamfaa kila mtu? La. Achari huliwa na kila mtu, kwa hiyo kila aliyepanda alikuwa mshitiri, na umati usiochaguliwa ulikuwa faida tupu. Mwenye kuuza mitambo angesongwa na watoto na wapenda tunu, na wale wachache wenye kuweza kununua wangekosa hata pa kusimama. Kwa mtu wa namna hiyo ni bora mfano wa Elisha Otis, muunda lifti, ambaye mwaka 1854, katika maonyesho ya New York, alisimama juu ya jukwaa la lifti lililoinuliwa mbele ya kadamnasi, akaamuru kamba ikatwe. Jukwaa likashuka kidogo, likanasa, kwa kuwa kamba ilipokosa mvuto springi ilijinyoosha, na ncha zake zikaingia katika meno ya reli za pembeni. Hapo kilichovuta watu na kilichouzwa ni kitu kimoja, na aliyetazama aliondoka akiwa amekwisha kupata ushahidi. Naikadiria njia ya Otis kuwa ndiyo ya juu, pale bidhaa inapoiweza. Lakini achari haina ajabu ya kuonyesha, na Heinz alilijua hilo.

Kwetu leo, katika maonyesho ya Sabasaba, kwenye viwanja vya Barabara ya Kilwa, Dar es Salaam, na katika yale ya Nanenane kadhalika, tunu hugawanywa mlangoni mwa banda kwa yeyote anyooshaye mkono: kofia, kalamu, mifuko yenye jina la kampuni. Mpokeaji hushukuru, akapita. Nakusihi, ewe mwenye banda, uiondoe tunu yako mlangoni uiweke ndani kabisa, nyuma ya bidhaa ya kuonjwa au kushikwa, upeleke cheti chake langoni kwa watu waingiapo, na kabla ya kununua kitambaa cha kupambia uamue ni nani hasa unayetaka aje.