Uhakiki wa Istilahi Tatu za Urejeshaji wa Ardhi

Bomba la mafuta ghafi la kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga, lina urefu wa kilomita 1,443, na kati ya hizo 1,147 zimo Tanzania. Bomba kama hilo hufukiwa, kisha ardhi iliyochimbuliwa hupaswa kurudishiwa udongo na mimea yake. Wajibu huo mwanakijiji huelezwa kwa Kiswahili, na tangu mwaka 2021 Kiswahili ndicho lugha ya sheria za Tanzania. Kwa hiyo istilahi za fani hii si pambo, bali ni kipimo cha kazi. Katika makala haya tunakusudia kuhakiki tatu kati yake.

Ya kwanza ni ukarabati wa ardhi. Nyumba iliyokarabatiwa hufaa kukaliwa tena, hata kama bati limeshika nafasi ya makuti. Vivyo hivyo, aliyesawazisha mtaro na kupanda nyasi yoyote amekwisha kukarabati. Urejeshaji hudai zaidi: kuikaribisha ardhi na hali yake ya awali. Maneno haya yasifanywe visawe. Juu ya bomba miti yenye mizizi mirefu haiachwi ikue. Basi palipokuwa na msitu, mfasiri aandikapo urejeshaji huahidi lisilowezekana. Hapo ukarabati ndilo neno la kweli.

Ya pili ni udongo wa juu. Istilahi hii hutaja mahali, haitaji aina. Tabaka la kwanza la ardhi ndilo lenye mboji nyingi, vijiumbe na mbegu zilizolala. Likichanganywa na udongo wa chini wakati wa kufukia, chochote kitakachobaki juu kitaitwa udongo wa juu, na aliyekiita hivyo hatakuwa amesema uongo. Twapendekeza tabaka-mboji, neno ambalo halibadiliki hata tabaka lenyewe likiwekwa kando katika lundo.

Ya tatu, iliyo nzito zaidi, ni uoto wa asili. Walimu wa jiografia huitumia kwa mimea iliyoota pasipo kupandwa na mtu. Lakini gugu karoti, lenye chimbuko Amerika na lililoenea Arusha, nalo huota lenyewe, hasa penye udongo uliovurugwa. Kwa upande mwingine, mbegu za nyasi za mahali hapo zikisiwa kwa mkono, zao lake haliwi la asili kwa maana hiyo. Istilahi inayokubali gugu la kigeni na kukataa nyasi ya mahali haifai kuwa kipimo. Twapendekeza uoto wa kienyeji. Wapo watakaosema kuwa neno kienyeji lina dharau. Bei ya kuku wa kienyeji sokoni yatosha kuwajibu.

Tena fasili itaje muda. Sheria ya Marekani ya mwaka 1977 kuhusu migodi ya wazi ya makaa ya mawe huagiza tabaka la juu litengwe na uoto wa kienyeji urudishwe, nayo humbana mchimbaji kwa miaka 5, au 10 pale ambapo mvua ya mwaka haizidi milimita 660 hivi. Kuchipua msimu mmoja si kurejea.

Tunawaomba wafasiri, walimu na watumishi wa serikali wayapime mapendekezo haya katika kazi zao, nalo Baraza liyatolee uamuzi mapema. Mkataba ukishatiwa saini, mwenye shamba hana kamusi nyingine ya kudaia haki yake.