Kukunjua na Kutandaza: Uhakiki wa Istilahi za Vigezo vya Bati

Fundi bati wa Bulyaga, kata iliyomo mjini Tukuyu, hakosi kazi. Mji huo hupata mvua ya zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na kila paa huhitaji gata na kona za kuteremshia maji. Kabla ya kupinda chochote, fundi huchora umbo juu ya bati lililo bapa, hulikata, ndipo hulipa mviringo. Programu za usanifu kwa kompyuta hufanya kazi hiyo kinyume: umbo lililokwisha kupindwa kwenye kioo hurudishwa kuwa bapa, ili mwenye kuunda ndege ya mfano apate kukata karatasi, bati au ubao mwembamba. Dhana ni moja, lakini maneno tunayompa kijana wa ufundi yanampoteza.

Tuanze na jina la umbo hilo la kukatia. Kamusi ya Johnson ya mwaka 1939 inalo neno kigezo, kutokana na kitenzi geza, kwa maana ya kitu cha kuigiza au kupimia. Siku hizi ofisi zimelichukua: kuna vigezo vya kuajiriwa na vigezo vya kufaulu. Kwa sababu hiyo mfasiri hushawishika kukimbilia ruwaza. Hapo hakubaliki. Ruwaza, kama wanaisimu walivyoizoea, ni mpangilio unaojirudia. Bati la faneli halijirudii popote. Kigezo na kirudishwe kwa fundi, na ofisi ziendelee kulitumia zikipenda.

Kosa zito zaidi limo katika kitenzi. Ni rahisi mno kuunda neno kubapaza na kudhani kazi imekwisha. Neno hilo hutaja matokeo tu. Halisemi kama bati limevutwa au halikuvutwa, na hilo ndilo jambo lenyewe. Chukua pia yenye kinywa cha nusu kipenyo sentimita 10 na urefu wa mshazari sentimita 20. Ukiipasua kwa mshazari na kuifungua, hupata nusu duara kamili lenye nusu kipenyo sentimita 20, wala hapana mahali palipovutika. Mche duara nao hufunguka kuwa mstatili. Bawa la ndege lenye upana na unene ule ule toka shina hadi ncha hutii vivyo hivyo, maana hupinda upande mmoja tu. Lakini pua ya ndege hupinda pande mbili kama tufe, na Gauss alikwisha kuthibitisha mwaka 1827 kwamba uso wa namna hiyo hauwezi kulazwa juu ya bapa pasipo kubadili vipimo vyake. Mmenya chungwa anayajua hayo bila hisabati.

Kiswahili kina vitenzi viwili vya kutosha. Mkeka hukunjuliwa, wala hauongezeki hata shubiri. Udongo wa mfinyanzi wa Kikisi, kule ufukoni mwa Ziwa Nyasa, ukigandamizwa hutandaa na kupungua unene. Kwa hiyo napendekeza kukunjua kwa pia, mche duara na jamii yao, na kutandaza kwa tufe na kila kilichopinda pande mbili. (Kweli, nafaka nayo hutandazwa juani; muktadha utatenganisha.) Kijana akiambiwa kwamba kompyuta imekunjua pua ya ndege, ataamini vipimo vyote, atakata, na kingo hazitakutana. Bati hununuliwa kwa fedha, na aghalabu fedha hiyo si yake.

Akiambiwa imetandazwa, atatafuta dawa, nayo ni kuigawa pua katika vipande vyembamba vyenye ncha, ambavyo kila kimoja hukaribia kukunjuka. Vipande hivyo tuviiteje? Washonaji wa kanzu wanalo neno taharizi, yaani vipande vya ubavuni vinavyoongeza upana wa vazi. Pua ya taharizi nane hukaribia mviringo kuliko ya taharizi sita, ingawa mishono ya kulehemu huongezeka. Najua nitaambiwa kwamba neno hilo ni la pwani, halijulikani Rungwe. Hata silinda halikuzaliwa Rungwe.