Mamba, Mnazi na Karina ya Maneno

Msomaji wa Ngoingwa, pale Thika ambako ardhi hukatwa viwanja, ikatiwa mawe ya mipaka na mwenyewe akajulikana kwa hatimiliki, akilisoma shairi la Abdilatif Abdalla liitwalo "Mnazi: Vuta N'kuvute", aghalabu hukata shauri mapema kwamba mti ule si mti, kwani ni ndugu gani, atauliza, watakaoteta juu ya mnazi mmoja, huyu akiwa kileleni na yule akidai haki yake kutoka chini, badala ya kuteta juu ya kiwanja? Hukumu yake ni sawa, lakini hoja aliyoifikia kwayo ni batili.

Abdilatif, mzaliwa wa Mombasa mwaka 1946, alikwisha kuonja gharama ya kusema waziwazi. Mwaka 1968 alitoa waraka ulioitwa "Kenya: Twendapi?", ulioishutumu serikali ya KANU kwa jinsi ilivyowatendea wapinzani wake wa chama cha KPU, na mwaka uliofuata akahukumiwa kifungo cha miaka 3 kwa kosa la uchochezi. Sehemu ya kifungo hicho aliikaa Kamiti, gereza ambalo msafiri atokaye Thika kwenda Nairobi huliacha mkono wake wa kulia akisha kupita Ruiru. Huko kifungoni alitunga mashairi kwa siri juu ya karatasi za chooni, yakatolewa nje, na mwaka 1973, baada ya yeye mwenyewe kufunguliwa, yakachapishwa kwa jina la "Sauti ya Dhiki", "Mamba" na "Mnazi" yakiwemo. Ajabu yenyewe ni kuwa hata anwani ya ule waraka ilikuwa ya majazi, yaani maneno yaliyohamishwa kutoka maana yao ya asili, kwani nchi haina miguu ya kwendea mahali. Lakini majazi ya namna hiyo, yaliyokwisha kuzoeleka katika vinywa vya watu wote, hayamsitiri msemaji wala hayamtatizi hakimu.

Wanazuoni wa balagha, ambao Abdul-Qahir al-Jurjani wa karne ya 11 ni mmoja wa maimamu wao, waliigawa lugha katika hakika na majazi, wakashurutisha kwamba neno lisihamishwe kutoka katika hakika yake ila kwa karina, yaani dalili iliyomo katika maneno yenyewe au katika hali ya usemi, yenye kuizuia maana ya asili isisimame. Mbali na hayo waliitambua kinaya, ambayo si ile ya kejeli wanayofundishwa wanafunzi wetu leo, bali ni usemi unaokusudia maana ya ndani pasipo kuiharamisha ile ya nje, hata zote mbili zikaweza kuwa kweli kwa pamoja.

Kwa kipimo hicho, shairi la "Mamba" ni jepesi kulifasiri. Mshairi anatuarifu tangu mwanzo kwamba amefumba ili wawezao wafumbue. Kisha anamleta mnyama wa mtoni mwenye kutakabari, kujigamba na kutaraji kuishi milele. Mamba wa hakika huwinda, huuma na hujianika juani, lakini kiburi na tamaa ya dahari si sifa zake. Basi sifa hizo ndizo karina, na msomaji hana budi kumtafuta binadamu mwenye nguvu aliyevikwa ngozi ile.

Katika "Mnazi" hali ni nyingine kabisa. Ada ya pwani imeruhusu tangu zamani mti kuwa na mwenyewe na ardhi ikawa ya mwingine, hata minazi ikauzwa, ikawekwa rehani na kurithiwa bila ya udongo unaoishikilia. Na mwenye kuijua mirathi ya Kiislamu, ambayo huugawa urithi mafungu kwa mafungu, hatastaajabu kuwaona watu wa nyumba moja wakidaiana haki katika mti mmoja. Kwa hiyo yale yaliyomshtua msomaji wetu wa Ngoingwa, akayadhania kuwa karina, hayakuwa karina hata kidogo: yalikuwa ugeni wake yeye mbele ya desturi asiyoijua. Msomaji wa Kilifi au wa Lamu angeweza kulisoma lote kama kesi ya kweli mbele ya kadhi, na lisingemwangusha popote.

Basi tutajuaje kwamba Alii na Badi, wajibizanao humo, wanabeba zaidi ya madai ya nazi? Dalili haimo ndani ya mti. Imo katika hali ya usemi. Mtungaji ni mfungwa aliyetiwa kifungoni kwa kuishutumu serikali ilivyowatendea wapinzani wake; na mabishano ya aliyekwisha kupanda na aliyebaki chini yanalingana mno na mabishano ya taifa lile changa hata isiwe sadfa. Nami kwa sababu hiyo naiona kazi hii kuwa bora kuliko ile ya "Mamba". Kule fumbo likisha kufumbuliwa mnyama hutupwa, asiwe na haja tena. Huku, kwa kuwa ni kinaya, mnazi hubaki umesimama, na kila hoja ya wale wawili lazima ipimwe kwanza kwa sheria ya minazi, kama mwanasheria apimavyo shauri la urithi, ndipo ipelekwe kwenye dola. Mwalimu anayewaambia wanafunzi wake siku ya kwanza kwamba mnazi ni Kenya, akaendelea na shairi jingine, amewanyima ile nusu ya shairi ambayo Abdilatif aliifanyia kazi kubwa zaidi.