Kifua Kinauma, Daktari Anafunua Miguu

Hospitali ya Gihundwe iko Kamembe, wilayani Rusizi, nchini Rwanda. Mgonjwa anayepewa rufaa ya Kigali ana safari ya zaidi ya kilomita 200, zikiwemo kona za msitu wa Nyungwe. Kwa hiyo kifua kikimbana mtu huku, kazi ya kujua kama ni moyo au ni damu iliyoganda mapafuni haiwezi kungoja picha ya CT. Huanza kwa maswali na vidole.

Maumivu ya moyo hukandamiza, hushuka mkononi au hupanda hadi tayani, na jasho jembamba humtoka mtu. Donge la mapafuni hukata pumzi ghafla, na mara nyingi kifua huchoma kila anapovuta hewa. Lakini dalili hizi si za kila mara: wapo wazee na wenye kisukari ambao moyo wao hushambuliwa bila maumivu yoyote. Basi daktari anaendelea kuuliza kuhusu mambo yanayochochea damu kuganda. Mama, umejifungua lini? Umepasuliwa? Ulilala kitandani siku nyingi?

Kisha anafunua miguu, na hapa ndipo ninapouvulia kofia ufundi huu. Anachukua futi ya kamba, anapima mashavu ya miguu yote miwili, sentimita 10 chini ya goti. Tofauti ikizidi sentimita 3, shaka inahamia kwenye mishipa ya miguu, maana madonge mengi ya mapafuni huanzia humo; Rudolf Virchow wa Ujerumani alilionyesha hilo katika karne ya 19. Kukiwa na altrasaundi, anaiweka kinenani na kubonyeza taratibu. Mshipa mzima unaorudisha damu moyoni hubonyea hadi kuta zake zikutane. Wenye donge hugoma, huku ateri iliyo jirani ikiendelea kudunda.

Kipimo cha umeme wa moyo kinasaidia, ila kina mitego: mawimbi ya T yaliyopinduka yanaweza kuonekana katika maradhi yote mawili, na troponini, protini inayovuja kwenye damu misuli ya moyo ikiumia, nayo inaweza kupanda kwa yote mawili. Daktari makini haamui kwa karatasi moja.

Na lazima aamue, kwa sababu moyo ambao mshipa wake umeziba unahitaji aspirini papo hapo na mshipa huo ufunguliwe, ilhali kwa donge la mapafuni aspirini haitoshi. Hapo inahitajika dawa ya kuzuia damu kuganda, kama heparini, na shaka ikiwa kubwa huanzishwa kabla gari la wagonjwa halijaondoka. Katika barua ya rufaa anaandika alichokiona, alichokibonyeza na ambacho bado hakijathibitika, ili wenzake wa Kigali waanzie alipoishia.