Mikono ya Ikombe

Mashariki ya Matema, kusini-magharibi mwa Tanzania, pale Milima ya Livingstone inaposhuka hadi Ziwa Nyasa na kubakiza ukanda mwembamba tu wa kulima, wanawake wa Kikisi wa Ikombe huishi kwa udongo. Ufinyanzi ni kazi yao, na binti huupokea kwa mama au bibi yake.

Udongo hupondwa, huchambuliwa mizizi, hutiwa maji kidogo kidogo, kisha hukandwa. Mtazamaji huchoka hapa, mfinyanzi hachoki. Anakanda, anapapasa, anatoa kijiwe, anakanda tena. Kijiwe kikubwa kama punje ya mchele kikisahaulika, kinaweza kukipasua chungu motoni.

Bonge lililoiva hukalishwa juu ya kigae cha chungu kikuukuu. Gurudumu halipo. Kigae chenyewe huzungushwa kwa mkono, polepole, huku ngumi ikilifungua bonge katikati na vidole vikiuvuta ukuta juu. Kisha mikono hugawana kazi: wa kushoto unasukuma kutoka ndani, wa kulia unapokea kwa nje na kipande cha kibuyu, na tumbo la chungu linatanuka baina yao. Hakuna kipimo. Unene hujulikana kwa ncha za vidole, na pale penye unene zaidi kibuyu hurudi kukwangua. Mdomo ndio unaonishangaza zaidi. Mama hukunja kitambaa kibichi juu ya ukingo, anazungusha kigae mara chache, na ukingo uliokuwa umepindapinda unatoka duara kamili.

Chungu huachwa kivulini hadi kikakamae. Kitako hukwanguliwa, ngeu hupakwa, na kokoto laini husuguliwa juu yake, mstari kwa mstari, hadi udongo ung'ae. Hakiendi motoni siku hiyo. Unyevu ukibaki ndani ya ukuta hugeuka mvuke na kukivunja, kwa hiyo mama husubiri, hata kama siku ya soko imekaribia.

Vyungu huchomwa pamoja uwanjani, kwa kuni na majani makavu, kisha husafirishwa kwa mitumbwi hadi soko la Jumamosi la Lyulilo, jirani na Matema. Mnunuzi hukigonga chungu kwa kidole na kusikiliza: chenye ufa hutoa sauti butu. Kutoka hapo chungu huenda Kyela, Tukuyu, Mbeya na mbali zaidi. Jina la aliyekifinyanga haliendi nacho.

Hilo linaniuma. Nigeria ilimweka mfinyanzi Ladi Kwali kwenye noti ya naira 20, akiwa na chungu chake. Magdalene Odundo, mzaliwa wa Nairobi aliyejifunza kwa wafinyanzi wa Abuja, kazi zake zimo katika makumbusho makubwa ya dunia, zikiwa na jina lake. Mjini Kyela, ambako vyungu vya Ikombe vimepikia vizazi vingi, naona inafaa kisimame kitu hadharani kwa ajili ya wanawake hawa. Kisiwe sanamu ya saruji kutoka mbali. Kiwe cha udongo, wakifinyange wao wenyewe kwa malipo ya haki, na kila mmoja akandamize jina lake ukutani kabla udongo haujakakamaa.